Shajara ya mradi: PageMaker 7 ya mwaka 2001 kwenye mashine ya Windows 11

Jumamosi, 1 Novemba 2025: pa kuanzia

Naiweka hii shajara kwa ajili ya yeyote aliyebaki na CD za zamani na mafaili ambayo programu za leo hazitaki hata kuyaona. Nitaongeza kila hatua ikiisha. Makosa yangu nitayaandika yote maana ndo yaliyokula muda, hatua zenyewe ukishazijua ni za jioni mbili tu.

Kazi iko hivi: nina matoleo 38 ya kijarida cha kurasa 24, saizi ya A5, yaliyopangwa kati ya 2002 na 2009. Mengi ni mafaili ya .PMD ya PageMaker 7, programu ya kupanga kurasa za magazeti na vitabu, machache ya mwanzo ni .P65 ya toleo la 6.5. Kompyuta ya Windows XP iliyokuwa ikiyafungua imekata roho, pawa saplai imeungua, ila diski yake nzima na nimeshaikopi yote. Ninachotaka ni PDF ya kila toleo iliyo sawasawa na nakala iliyochapwa, mstari kwa mstari, kwa sababu kuna watu wananukuu zile kurasa kwa namba na kwa mstari.

Kwa wadogo zetu wasioijua: PageMaker ilianza 1985 chini ya kampuni ya Aldus, Adobe wakainunua Aldus mwaka 1994, toleo la 7 likatoka 2001 na ndo likawa la mwisho, kiti chake akakalia InDesign, programu nyingine ya Adobe. InDesign alikuwa anafungua .PMD mpaka toleo la CS6 la 2012, wa baada ya hapo hafungui. Mimi CS6 sina.

Leo nimeanza na njia ya mkato, LibreOffice Draw, ambayo ina kisomaji cha PageMaker ndani yake. Inafungua kweli. Maneno yapo, picha zipo, ila safu zimehama, vichwa vya habari vimepanda juu ya picha, yaani ukurasa uko kama mtu aliyeazima suti ya kaka yake. Kama shida yako ni kutoa maandishi tu, ishia hapo ndugu yangu, usisome zaidi, umeokoa karibu mwezi mzima.

Jumapili, 2 Novemba: kuinstoli moja kwa moja

CD yangu ni halali na namba yake ya siri imeandikwa kwenye kasha kwa kalamu. Uzuri wa programu za umri huu ni kwamba hazipigi simu nyumbani kuomba ruhusa, unaingiza namba, basi. Setapu ya PageMaker ni ya biti 32 kwa hiyo Windows 11 haikuikataa. Ikakubali, ikafunguka, ile skrini ya kukaribishwa ikatokea, nikapiga ngumi mezani kwa furaha. Ningejua.

CD ya pili, ya fremu na lebo, setapu yake ni ya biti 16. Hiyo usihangaike, Windows ya biti 64 haina kabisa ile sehemu ya kuendesha programu za biti 16, na Windows 11 haijawahi kuwa na toleo la biti 32. Kuna kitu kinaitwa winevdm kinachoweza kuziba hilo pengo, sikukihitaji, niliruka.

CD ya tatu ndo ilinichekesha. Ni mkusanyiko wa vichoro, setapu yake ikaniambia diski haina nafasi, inahitaji megabaiti 300. Diski yenyewe ina zaidi ya GB 900 zilizo wazi! Nilihangaika nayo karibu saa nzima, nikabadilisha folda, nikairun kama admin, nikaiweka kwenye hali ya kujifanya Windows 98, wapi. Kumbe ni hesabu. Setapu za zama zile zilihifadhi ukubwa wa nafasi kwenye namba ya biti 32, na namba hiyo ikifika GB 4 inarudi sifuri na kuanza upya kama mita ya gari la zamani, tena nyingine ikivuka GB 2 inasomeka kama hasi. Kwa hiyo inategemea bahati, nafasi yako ukiigawa kwa nne-nne kinabaki nini. Dawa yake inachekesha zaidi ya ugonjwa: ili upate nafasi unapunguza nafasi. Nilifungua dirisha la amri kama admin nikaandika

fsutil file createnew C:\jaza.tmp 2147483648

hilo ni faili tupu la GB 2, nikaanzisha setapu upya, ikapita kama hakujawahi kutokea kitu. Ukimaliza ulifute.

Gharama ya leo ni masaa 5, moja na nusu kati ya hayo ni la vichoro ambavyo mwishowe nilivitumia vitatu tu.

Jumanne, 4 Novemba: faili linalofutika na halifutiki

Programu inafunguka ila kila nikianzisha, paleti zake, vile vidirisha vya zana, ziko nje ya skrini. Mpangilio wake umekumbuka sijui skrini gani. Dawa ya kale ya PageMaker ikichanganyikiwa ni kufuta faili lake la mapendeleo, lile la .cnf lililo kwenye folda ya RSRC, ikifunguka inaunda jipya. Nikafuta. Nikafungua. Paleti palepale. Nikafuta tena, nikawasha upya kompyuta, palepale. Nikaanza kuhisi nina wazimu.

Maelezo ni haya, na yatakusaidia kwa programu yoyote ya kabla ya 2007. Programu za zamani zimezoea kuandika ndani ya folda yao wenyewe. Tangu Windows Vista, folda ya Program Files imefungwa, programu isiyo na ruhusa ya admin haiwezi kuandika humo. Badala ya kuiambia programu hapana, Windows inaidanganya, inachukua kile inachoandika na kukificha kwenye AppData\Local\VirtualStore, halafu ikitaka kusoma inapewa ile nakala iliyofichwa. Mimi nilikuwa nafuta lile la Program Files, na programu inasoma lile la mafichoni. Mbaya zaidi ukiirun kama admin udanganyifu hauhusiki, inasoma lile halisi, kwa hiyo nilikuwa na PageMaker mbili zenye tabia mbili kutegemea nimeifunguaje.

Usiirun kama admin kila siku kama wengi wanavyoshauri. Ikiwa admin, huwezi kuburuta faili kutoka kwenye folda na kulidondosha ndani yake, na diski za mtandao ulizozipa herufi hazionekani humo. Nilichofanya ni kuitoa, kufuta mabaki ya VirtualStore, na kuiinstoli upya kwenye C:\PM7, nje kabisa ya Program Files. Tatizo likaisha.

Kuhusu maandishi ya menyu kuwa madogo kama chungu kwenye skrini yenye nukta nyingi: bofya kulia ikoni, Properties, Compatibility, mipangilio ya DPI, chagua System (Enhanced). Dakika mbili.

Alhamisi, 6 Novemba: mzee amenirudisha nyuma

Nilikuwa najiona nimemaliza. Nikafungua toleo la 14, nikalichapa kwenda PDF kwa ile printa ya PDF inayokuja na Windows, nikamtumia mzee aliyekuwa mhariri wa kijarida miaka hiyo, mtu ambaye nakala zote 38 za karatasi anazo kabatini. Akanipigia usiku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hii siyo ile."

"Siyo ile kivipi mzee?"

"Ukurasa wa saba. Kwangu safu ya kwanza inaishia 'na wananchi wakaitika'. Kwako 'wakaitika' imevuka kwenda safu ya pili. Na sasa kila kitu chini yake kimesogea."

Nikafungua, nikahesabu, kweli. Mstari mmoja umeongezeka. Mafonti yaleyale, saizi ileile, faili lilelile.

Kosa liko kwenye kitu ambacho kizazi cha leo hakijui kabisa. PageMaker inapanga maneno kwa kuangalia printa. Kwenye Document Setup kuna sehemu ya "Compose to printer", na faili linakumbuka jina la printa iliyopangiwa, kwa sababu upana wa herufi ulichukuliwa kutoka kwa draiva ya printa, ile programu inayoiunganisha na kompyuta. Printa hiyo isipokuwepo, inashika iliyopo na kupanga upya. Tofauti kwa herufi moja ni kama unywele, lakini ukijumlisha safu nzima unapata neno zima linalovuka. Halafu Windows 11 kuna mpangilio wa kuiachia mfumo uchague wenyewe printa kuu kulingana na uliyotumia mwisho, kwa hiyo faili moja linaweza kupangika hivi leo na vile kesho. Uzime huo mpangilio hata kama hufuati shajara hii.

Nikajaribu kutafuta draiva ya ile printa ya zamani kwa Windows 11, sikupata iliyokubali. Na kwangu dirisha la kuchapa lilikuwa linaifunga programu yote takriban mara moja kati ya nne. Hapo nikaamua: hii njia ya moja kwa moja inafaa kwa mtu anayetaka kutazama na kukopi, haifai kwa mtu anayetaka kurasa zilezile. Programu inataka XP yake, tena zote mbili ni za mwaka mmoja, 2001, wamekua pamoja.

Jumamosi, 8 Novemba: mashine pepe na skrini ya bluu

VirtualBox, programu ya bure ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. CD ya XP ninayo, ya leseni ya jumla ya ofisi ya zamani, ile isiyodai kuthibitishwa, ikiwa na SP3, kifurushi cha tatu cha marekebisho yake. Kumbukumbu nimeipa GB 1, diski pepe GB 20 inayokua kadiri inavyojaa. Usiipe zaidi, XP na programu hizi kwa kazi hii hazihitaji. Kuinstoli ni kubonyeza na kusubiri, siandiki.

Kosa: baada ya XP kukaa vizuri nikajifanya mjanja. Nikaona diski yake imeunganishwa kwenye kontrola ya IDE, nikasema mbona ya kizamani, nikaihamishia SATA ili iende mbio. Kuwasha, skrini ya bluu, STOP 0x0000007B. Maana yake XP imeamka na haioni diski iliyolala ndani yake, kwa sababu haina draiva ya SATA ya aina ya AHCI. Nikadhani nimeua kila kitu, nikaanza kuinstoli upya, nikafika katikati ndo nikakumbuka nilichogusa. Rudisha IDE, inawaka. Masaa mawili yamekwenda kwa ujanja wa dakika moja. Kiolezo cha VirtualBox cha XP kinachagua IDE chenyewe, kiache.

Mtandao wa mashine pepe nimeuzima kabisa, kebo pepe imechomolewa. XP iliacha kupokea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, kuiachia intaneti leo ni kulala na mlango wazi. Haihitaji mtandao kwa kazi hii hata chembe.

Jumapili, 9 Novemba: kobe

XP inachukua karibu dakika nne kuwaka. Mausi inavutika kama iko kwenye uji. Nikaongeza kumbukumbu, nikaongeza prosesa, hakuna kitu. Halafu nikaona chini kulia mwa dirisha la VirtualBox kuna kijipicha cha kobe wa kijani. Nikadhani ni pambo! Kumbe ni taarifa rasmi kwamba mashine yako inatembea mwendo wa kobe, maana Windows 11 yenyewe imeshakalia uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, inautumia kwa ulinzi wake wa kumbukumbu, kwa hiyo VirtualBox inalazimika kupita mlango wa nyuma.

Kumfukuza kobe: Windows Security, Device security, Core isolation, zima Memory integrity. Hakikisha na vipengele vya Hyper-V na Virtual Machine Platform vimezimwa. Kwangu havikutosha, nikamalizia na bcdedit /set hypervisorlaunchtype off kama admin, nikawasha upya. Kobe akaondoka, XP ikawaka kwa sekunde 40.

Nikakaa na hiyo siku moja kisha nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Hii ndo laptopu ninayofanyia mambo yangu ya benki, sizimi ulinzi wake kwa ajili ya kijarida. Badala yake siizimi XP, nikimaliza nachagua kuhifadhi hali yake, kesho inaamka ilipolala bila kupitia kuwaka. Ndani ya PageMaker yenyewe mwendo wa kobe unavumilika, programu iliandikwa kwa prosesa za Pentium, haina haraka kivile. Wewe ukiwa na mashine ya pembeni, mfukuze kobe.

Jumatano, 12 Novemba: picha na herufi ya D

Nikafungua toleo la kwanza ndani ya XP, picha zote zinaulizwa ziko wapi, moja baada ya nyingine. Faili linakumbuka njia kamili, D:\JARIDA\PICHA na kuendelea. Kwenye mashine pepe D ni CD.

Kama ningeonyesha picha mojamoja, kurasa 24 mara matoleo 38, ningezeeka hapo. Nikaingia Disk Management ya XP, CD nikaipa herufi Z, nikaongeza diski pepe ya pili ya GB 10 na kuipa D, nikakopi folda nzima ya JARIDA kama ilivyokuwa kwenye diski ya zamani. Picha zote zikajifungua zenyewe kimyakimya. Mwanzoni nilijaribu kuipa D ile folda ya kushirikiana ya VirtualBox, ilifanya kazi ila kila nikisevu ilichelewa na sikuiamini, sasa naitumia kuvusha mafaili tu, siifanyii kazi humo.

Jumamosi, 15 Novemba: fonti, na kosa kubwa kuliko yote

Hapa nitakaa kidogo.

Nilifungua toleo la 9. Likaja dirisha la PANOSE, mfumo wa kulinganisha fonti, likisema fonti mbili hazipo na linapendekeza mbadala. Nikabonyeza OK bila kusoma, kama tunavyobonyeza OK zote. Nikarekebisha kitu kidogo, nikasevu. Baadaye nikaziweka zile fonti, nikafungua tena, bado mbadala! Kumbe kwenye lile dirisha kuna chaguo la mbadala wa muda na mbadala wa kudumu, na langu lilikuwa la kudumu. Faili limeshaandikwa fonti nyingine, halikumbuki tena ilikuwa nini. Nina bakapu kwa hiyo sikulia, lakini asiye na bakapu hapo ndo anapoteza mpangilio wa asili kwa kidole chake mwenyewe. Tangu leo mafaili ya asili nimeyafanya ya kusoma tu, nafanyia kazi nakala.

Sasa kwa nini hazikuwepo? Fonti za kijarida ni za Type 1, zile za PostScript, lugha ya kuielezea printa ukurasa. Adobe wameacha kuziunga mkono tangu Januari 2023, programu nyingi mpya hazizioni, lakini XP inazijua bila msaada wowote. Fonti moja ya Type 1 kwenye Windows ni mafaili mawili: .pfb yenye maumbo ya herufi, na .pfm yenye vipimo vyake. Ukikosa .pfm, XP inakataa kuiinstoli hata kama maumbo yote yapo. Mimi nilikuwa na .pfb zote 61 na .pfm sifuri.

Nikaanza kutafuta jinsi ya kutengeneza .pfm upya. FontForge, programu ya kuunda fonti, inaweza, nikatengeneza mbili. Zikakubali, lakini mpangilio ukawa tofauti kidogo, maana nafasi maalum kati ya jozi za herufi, kama ile ya "Wa" na "Ta", haziko kwenye .pfb, ziliishi kwenye faili nililokosa. Mchana mzima umekwenda. Jioni nikarudi kwenye diski ya zamani kuangalia tena, na ukitaka kucheka cheka: ATM, ile programu ya zamani ya fonti, ilikuwa inaweka .pfb kwenye C:\PSFONTS na .pfm kwenye C:\PSFONTS\PFM. Nilipokopi nilichagua mafaili ya ndani ya PSFONTS bila kuchukua folda dogo lililokaa palepale juu yake. Zote 61 zilikuwemo.

Masaa 7. ATM yenyewe usiiweke kwenye XP, haihitajiki.

Jumapili 16 mpaka Alhamisi 20 Novemba: printa isiyokuwepo

Siku tano kwa kitu kisichotoa hata karatasi.

Kwanza jina. Kwenye Document Setup ya toleo la 14 nikasoma printa ilikuwa gani, printa ya leza ya PostScript, na kwa bahati XP ina draiva yake kwenye orodha yake yenyewe. Nikaiongeza, mlango nikachagua FILE, na jina nikaliandika herufi kwa herufi kama faili linavyolitaka. Nikafungua toleo la 14, ukurasa wa saba. "Na wananchi wakaitika." Mwisho wa safu ya kwanza. Nilisimama kabisa kwenye kiti.

Halafu PPD. PageMaker haimwamini draiva peke yake, inataka pia faili la PPD, lenye maelezo ya uwezo wa ile printa, kwenye folda yake, PPD4 iliyo ndani ya RSRC. Bila hilo dirisha la kuchapa linakuwa na karatasi chache za kuchagua na alama za kukatia hazitoki. PPD nilikuta kwenye diski ya zamani, nikakopi.

Kinachotoka ni faili la .ps, yaani la PostScript, nalivushia upande wa Windows 11 na kuligeuza kuwa PDF kwa programu ya Ghostscript:

gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/prepress -dEmbedAllFonts=true -o toleo14.pdf toleo14.ps

PDF ya kwanza ikatoka, kurasa za A5 zikiwa zimekaa kona ya karatasi kubwa zaidi. Ghostscript inafuata saizi iliyotajwa ndani ya .ps, na kama haikutajwa vizuri inatumia yake. Nilikuwa nimeacha karatasi ya printa kwenye ile ya kawaida badala ya kuweka saizi yangu maalum kwenye dirisha la kuchapa la PageMaker. A5 ni milimita 148 kwa 210, kwa pointi ni 420 kwa 595, ukitaka kuhakiki PDF angalia hizo namba.

PDF ya pili saizi sawa, lakini vichwa vya habari vina sura ngeni. Karibu nipite, ila herufi "R" mguu wake ulikuwa umenyooka kupita kawaida. Nikaendesha pdffonts, kiprogramu kinachoorodhesha fonti, juu ya PDF nikakuta majina ya Nimbus, fonti ambazo sijawahi kuwa nazo maishani. Sababu: printa za PostScript zilikuja na fonti zao ndani, Helvetica, Times na wenzake, kwa hiyo draiva haikujisumbua kuzituma, ilisema tu "tumia ile yako". Printa yangu haipo, Ghostscript ikasoma agizo ikatoa za kwake zenye upana uleule. Mistari haikusogea ndo maana sikuona haraka. Kwenye mipangilio ya draiva nikabadilisha fonti zitumwe ndani ya faili zisibadilishwe na za printa, na kwenye PageMaker upande wa PostScript nikaagiza ibebe fonti. PDF ya tatu, pdffonts ikaonyesha majina yangu, zote zimepachikwa.

Nilisahau kusema, siku ya Jumanne nilipoteza jioni nzima kwa sababu nilikuwa nageuza faili la .ps la jana. Nilibadilisha mipangilio mara tano na matokeo hayabadiliki. XP ilikuwa inaandika kwenye D, na mimi navusha kutoka kwenye E. Sasa nafuta .ps kila nikimaliza.

Jumamosi, 22 Novemba: mkanda wa uzalishaji

Nimepiga snepshoti, yaani nimehifadhi hali nzima ya mashine pepe, ikiwa safi na fonti zote ndani, na kila nikiharibu narudi hapo. Toleo moja sasa ni dakika 20, kumi kati ya hizo ni kukagua. Matoleo 11 wikiendi hii.

Jambo moja kuhusu Kiswahili. PageMaker haikuwa na kamusi ya Kiswahili ya kukata maneno mwishoni mwa mstari, ilitumia sheria za Kiingereza, ndo maana kwenye matoleo ya mwanzo unakuta "wanan-chi" na mengine yaliyokatwa kama kuni. Kuanzia 2004 mpangaji alizima ukataji wa otomatiki na kuweka vistari vyake kwa mkono, unaviona ukifungua kihariri cha maandishi. Nilishawishika kurekebisha zile za mwanzo. Mzee akakataa: "Yalichapwa hivyo, yabaki hivyo." Nimeacha.

Jumamosi, 29 Novemba: hesabu mpaka leo

Matoleo 31 yamekamilika. Muda wote ni masaa 52, na nikipitia shajara yenyewe naona kama 30 ni ya makosa, la fonti na la printa yakiongoza. Diski: mashine pepe GB 4.3, folda ya jarida GB 6, snepshoti GB 2 na ushee. Programu zote nilizoongeza ni za bure, PageMaker na XP nilikuwa nazo.

Yaliyobaki ni saba. Matano ni ya .P65 ambayo PageMaker 7 inayafungua kwa kuyageuza na kuyaita hayana jina, haya nayakagua polepole maana ugeuzaji umesogeza vitu kwenye mawili niliyoyajaribu. Mengine mawili hayafunguki kabisa, yanaishia na ujumbe wa kosa kabla ukurasa haujatokea. Nimeyajaribu kwenye LibreOffice, moja limetoa maandishi, la pili halijatoa kitu.

Mzee ana njia yake ya kukagua. Anachapa ukurasa wangu kwenye karatasi nyembamba, anaulaza juu ya nakala ya zamani, anavishikilia viwili dirishani kwenye mwanga wa asubuhi. Jana amenitumia picha ya ukurasa wa saba, karatasi mbili, kivuli kimoja cha maandishi. Chini akaandika: "Hii ndiyo. Lete la 15."

La 15 nimemtumia. Yale mawili yasiyofunguka nikipata njia nitaandika hapa.